Ziwa la Hörde na Haki ya Waliokaa Katika Moshi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja mahali palipoachwa na watu. Mji uliohamwa huitwa mahame. Nyumba iliyobaki kuta tupu huitwa gofu. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji zamani, pakasalia alama zake chini ya miti. Maneno haya yote yana wazo moja ndani yake, nalo ni kwamba watu ndio walioondoka na mawe ndiyo yaliyobaki. Walioyatunga hawakuwa na haja ya neno la hali iliyo kinyume, yaani mahali ambapo watu wamebaki, lakini kazi iliyowakusanya imekwenda zake, na kuta na mitambo ya kazi hiyo imeondoka pamoja nayo. Hali hiyo ililetwa na zama za viwanda. Mfano wake mmoja ulio wazi sana uko Hörde, mtaa wa mji wa Dortmund katika bonde la Ruhr, magharibi ya Ujerumani.

Zamani Hörde ulikuwa mji mdogo wa peke yake, wenye ngome ya kale karibu na mto Emscher. Ulitiwa ndani ya Dortmund mwaka 1928. Mwaka 1841 tajiri mmoja, Hermann Diedrich Piepenstock, alianzisha hapo kiwanda cha chuma. Mwaka 1879 kiwanda hicho kilikuwa kimojawapo cha viwanda viwili vya kwanza vya Ujerumani kutumia maarifa ya Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas. Chuma kilichotoka katika madini yenye fosforasi kilikuwa kikivunjika upesi, na kwa sababu hiyo madini mengi ya Ulaya yalikuwa hayafai kufanyia chuma cha pua. Thomas alikuwa karani katika mahakama ya polisi mjini London, akajifunza kemia wakati wa jioni baada ya kazi yake. Alivumbua ya kuwa chombo cha kuyeyushia kikitandikwa ndani mawe ya namna ya chokaa, fosforasi hunaswa ikatoka pamoja na mavi ya chuma. Mavi hayo yalisagwa yakawa mbolea ya mashamba. Thomas alikufa mwaka 1885, umri wake miaka 34 tu, akaacha mali yake mikononi mwa dada yake itumiwe katika kutenda wema. Ni tajiri mmoja wa chuma aliyeona kwamba mali ile haikuwa yake peke yake, na kwa hiyo jina lake lastahili kutajwa hapa hata kabla ya swali lenyewe kuulizwa.

Mwaka 1906 kiwanda kiliingia katika kampuni iliyoitwa Phoenix, jina la ndege wa hadithi anayeungua akafufuka katika majivu yake. Kampuni zilibadilika mara nyingi baadaye, lakini jina lilibaki. Matanuri yalikuwa upande wa magharibi, kiwanda cha chuma cha pua kilikuwa upande wa mashariki, na katikati ya viwili hivyo ulikuwa mji wenyewe. Chuma kilichoyeyuka kilichukuliwa kwa reli kutoka upande mmoja mpaka wa pili, na wenyeji waliliita gari hilo Eliya wa Moto, kwa kumkumbuka nabii aliyepaa katika gari la moto. Mtu aliyelala karibu na reli hiyo hakuhitaji saa ya kumwamsha.

Hewa ya pale ilikuwa nzito. Nguo zilizofuliwa asubuhi na kuanikwa ziliweza kuanuliwa jioni zina vumbi jeusi, zikafuliwa tena. Madirisha yalifutwa masizi, na kesho yake yakafutwa. Kazi hii ya kufua mara mbili na kufuta kila siku ilikuwa ya wanawake, wala haikuandikwa katika daftari yoyote ya mishahara. Mto nao ulikuwa na msiba wake. Machimbo ya makaa ya mawe yalifanya ardhi ya bonde ititie, hata ikawa shida kuzika mabomba ya maji machafu pasipo kupasuka. Basi mto Emscher ulifanywa mfereji wa uchafu wa wilaya nzima, na pale Hörde ulipitishwa chini ya kiwanda, usionekane na mtu. Mwaka 1961 Willy Brandt, aliyekuwa akigombea ukuu wa serikali, alisema kwamba mbingu juu ya Ruhr lazima zirudi kuwa na rangi ya samawati. Wako waliomcheka, maana kwa desturi ya wakati ule moshi ulikuwa dalili ya mshahara. Mwaka huo huo Ujerumani ilipatana na Uturuki kuleta wafanya kazi, na wengi wao walifika katika viwanda na machimbo ya Ruhr. Waliitwa wageni, lakini wakazeeka hapo na kupata wajukuu.

Matanuri ya magharibi yalizimwa mwaka 1998, na kiwanda cha mashariki mwaka 2001. Kampuni ya Shagang ya China ilinunua mitambo. Wakaja mamia ya wafanya kazi kutoka China, wakakifungua kiwanda kipande kwa kipande, wakakipakia katika meli, kikajengwa upya karibu na mlango wa mto Yangtze. Hörde pakabaki uwanja mtupu wa karibu hekta 100 katikati ya makazi ya watu. Mji wa Dortmund uliamua kuchimba ziwa. Udongo uliotolewa ulizidi mita za ujazo milioni 2, na sehemu yake ilikuwa imekaa na uchafu wa kiwanda kwa miaka zaidi ya mia. Mto Emscher ulitolewa gizani ukapewa njia mpya juu ya ardhi, kando ya ziwa. Maji yalianza kuingizwa Oktoba 2010, na Mei 2011 ua uliondolewa, watu wakaruhusiwa kufika ukingoni. Ziwa lina hekta 24, na urefu wake ni zaidi ya kilometa moja. Likaitwa Phoenix. Juu ya miteremko inayolitazama zimejengwa nyumba nyeupe zenye madirisha makubwa, ambazo nyingi ni za watu wenye uwezo. Nyuma yao, umbali wa dakika chache kwa miguu, uko mtaa wa zamani wenye nyumba za kupanga, na humo wamo waliokuwa wafanya kazi, wajane wao, na watoto wa wageni wale wa mwaka 1961.

Hapa ndipo linapozuka swali la maadili. Je, waliokaa katika moshi wana haki yoyote juu ya ziwa? Neno haki litazamwe kwa uzito wake. Haiulizwi kama yafaa wahurumiwe, wala kama yapendeza wakumbukwe. Yaulizwa kama wana dai, ambalo likikataliwa watakuwa wamedhulumiwa.

Kwanza yafaa kumwondoa njiani mtu mmoja ambaye hujitokeza kila panapozungumzwa habari kama hizi, naye ni yule anayelilia moshi. Husema kwamba zamani palikuwa na kazi, umoja na heshima, na sasa pana bata wa majini na mashua. Mtu huyu aghalabu hakufanya kazi mbele ya tanuri. Kazi ile iliunguza, ikakata vidole, ikadhuru mapafu. Mzee aliyeifanya ana ruhusa ya kuijutia au kuipenda kama apendavyo, lakini asiyeijua hana ruhusa ya kuitamani kwa niaba yake. Ziwa ni jema. Hewa safi ni njema. Mto uliotoka gizani ni mwema kuliko mto uliozikwa. Kama jambo lote lingekuwa kuchagua baina ya kiwanda kilichokufa na maji, swali lingekwisha hapa.

Lakini wema wa kitu haujibu swali la kwamba ni cha nani. Shamba zuri laweza kuwa limeporwa.

Jibu la kwanza la wanaokataa dai hilo ni la mshahara. Wafanya kazi walilipwa, husema. Kila mwisho wa mwezi hesabu ilifungwa, na palipofungwa hesabu hapana deni. Jibu hili lina nguvu kuliko wanavyokiri wapinzani wake. Wafanya kazi wa Ruhr walikuwa na vyama vyenye nguvu; walipata mishahara iliyopita ya wengi, na baada ya vita wakapata hata viti katika mabaraza ya kampuni za chuma. Si kweli kwamba walitwanga wasile unga. Walitwanga, na unga walikula.

Hata hivyo mshahara hulipa saa za kazi. Haulipi pumzi ya mtoto aliyelala mtaa wa pili, wala kufua mara ya pili kwa mwanamke ambaye hakuajiriwa na mtu. Hao hawakuwa na mapatano yoyote na kiwanda, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba mapatano yao yalifungwa. Kiwanda kilitumia hewa yao kama mtu atumiavyo ghala ya jirani bila kuomba, na kwa muda wa miaka mia moja na hamsini hakikuulizwa kodi ya ghala hiyo. Lakini lazima kukiri kwamba dai hili, hata likithibitishwa, ni dai la fidia. Lingeweza kulipwa kwa fedha na wenye kiwanda, nao wamekwenda zao. Halithibitishi bado kwamba aliyedhuriwa na moshi apewe sehemu ya ziwa. Mtu aliyeumwa na mbwa wa jirani hawi kwa sababu hiyo mwenye nyumba ya jirani.

Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu chake cha serikali kilichotolewa karibu na mwisho wa mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu kisicho cha mtu, kitu hicho huwa chake. Wengi wamejaribu kuitumia kanuni hii kwa wafanya kazi wa viwanda, lakini pale Hörde haifai kitu. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, na kitu walichochanganya nacho kazi yao kilipakiwa melini. Desturi moja ya pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake yasaidia zaidi kufikiri. Huko ardhi na miti hutengwa. Kiwanja chaweza kuwa cha mtu mmoja, na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine aliyeipanda, akairithisha hata na kuiuza. Wala mwenye kiwanja hawezi kusema kwamba minazi ni yake kwa kuwa imesimama juu ya udongo wake. Basi lafaa kuulizwa hivi: watu wa Hörde walipanda mti gani ambao bado umesimama?

Mti huo si kiwanda, maana kimekwenda. Si ziwa, maana hawakulichimba. Ni mji. Walipofika wa kwanza palikuwa na ngome na vijumba. Walipozimwa moto palikuwa na kituo cha reli, masoko, shule, makanisa, na baadaye misikiti, vyama vya kuimba na vya mpira, maduka ambayo mwenyewe amjua mnunuzi kwa jina. Kiwanja kilicho kando ya ziwa hakina thamani kubwa kwa sababu ya maji tu. Yako maziwa mengi ulimwenguni ambayo kiwanja kando yake hakimtoi mtu jasho kukinunua. Thamani yake yatoka katika mambo mawili pamoja, kwamba yako maji, na kwamba maji hayo yako ndani ya mji uliokwisha kuwa mji. Jambo la kwanza liliwekwa na hazina ya umma. La pili liliwekwa na vizazi vya waliokaa katika moshi. Aliyeuziwa kiwanja ameuziwa yote mawili kwa bei moja, na katika bei hiyo wale wa pili hawakuhesabiwa.

Fikira hii si ngeni. John Stuart Mill katika karne ya 19 alisema kwamba thamani ya ardhi hupanda kwa juhudi ya jamii nzima huku mwenye ardhi hafanyi kitu, na Henry George alijenga juu ya fikira hiyo kitabu kizima mwaka 1879. Ajabu ni kwamba imeandikwa hata katika sheria za Wajerumani. Katiba ya nchi ya mwaka 1949 yasema kwamba mali ina wajibu, na matumizi yake yapasa kuwafaa watu wote pia. Katiba ya jimbo la Bavaria, ya mwaka 1946, yakwenda mbele zaidi, kwamba thamani ya ardhi ikizidi bila ya kazi wala mtaji wa mwenyewe, ziada hiyo itumiwe kwa faida ya umma. Sheria ya namna hii hukaa miaka mingi kama upanga ukutani. Lakini mji wa Munich, ulio katika jimbo hilo, tangu mwaka 1994 umewataka wenye ardhi inayopewa ruhusa mpya ya kujengwa watoe sehemu ya faida yao, pamoja na nyumba za kodi nafuu. Hörde haumo katika jimbo la Bavaria, na sheria ile haikuufika. Mfano huo wafaa tu kuonyesha kwamba jambo linaloitwa ndoto katika mji mmoja laweza kuwa kazi ya kila siku ya makarani katika mji mwingine.

Jibu la pili la wapinzani ni zito kuliko la kwanza, na mara nyingi hutolewa na watu wema. Ziwa lina gharama, husema. Kusafisha udongo, kuchimba, kutoa mto chini ya ardhi, yote yalidai fedha ambazo mji uliopoteza viwanda vyake haukuwa nazo. Sehemu ilitoka kwa jimbo na kwa Ulaya. Sehemu ilitazamiwa kutoka katika kuuza viwanja. Viwanja vingeuzwa rahisi, au vingejengwa nyumba za kodi nafuu, ziwa lisingechimbwa, na wale wa mtaa wa zamani wangebaki wakitazama uwanja wenye mavi ya chuma na magugu. Je, ni bora kukosa wote kuliko kupata wachache?

Haitoshi kulipuuza jibu hili kwa sababu linawafaa matajiri. Yawezekana kabisa kwamba hesabu ilikuwa kama walivyosema. Lakini lina kosa moja la kufikiri, nalo ni kuchukua mambo mawili kana kwamba ndiyo yote yaliyowezekana: ziwa na viwanja vya bei kubwa, au uwanja wa magugu. Baina ya hayo mawili yako mengine. Ukingo waweza kugawanywa, sehemu ikauzwa kwa bei ghali ili ilipe gharama, na sehemu ikazuiliwa. Ardhi yaweza kukodishwa kwa miaka mingi badala ya kuuzwa, kama Wajerumani wenyewe wanavyojua kufanya, ili ziada ya thamani irudi kwa mji kizazi baada ya kizazi. Mambo haya hupunguza mapato ya leo. Yanayopunguza mapato ya leo hayapendwi na mwenye madeni. Hapo ndipo pa kusema ukweli: haki haikushindikana, iliahirishwa kwa sababu ya haja ya fedha, na ardhi iliyokwisha kuuzwa haingojei tena haki iliyoahirishwa.

Wala lawama haiwaangukii walionunua. Mtu aliyenunua kiwanja kwa fedha zake, akajenga, akapanda maua, hana dhambi kwa kuwa na dirisha kubwa. Kumchukia ni njia rahisi ya kukwepa swali. Deni lilikuwa la muuzaji, na wakati wake ulikuwa siku ile ramani ilipokuwa bado juu ya meza, mistari ya viwanja haijapigwa. Katika mambo ya ardhi dhamiri ina saa yake fupi. Baada ya hapo hubaki kazi ya wanasheria.

Yapo malipo mengine yaliyotolewa pale Hörde, nayo ni kumbukumbu. Juu ya kisiwa kidogo ukingoni mwa ziwa limewekwa chombo kikubwa cha kuyeyushia chuma kwa njia ya Thomas, mdomo wake umeelekea juu, na watu hupiga picha mbele yake. Upande wa magharibi limeachwa tanuri moja lisimame. Ni vitu vya fahari, na aliyeamua visivunjwe alifanya vyema, maana mahali pasipo alama yoyote ya jana huwafanya wenyeji wake waonekane kama wageni. Lakini kumbukumbu ni heshima inayotolewa kwa jambo lililokwisha. Husema, ‘Mlikuwapo.’ Mjane aliye katika nyumba ya kupanga nyuma ya ziwa angependa pia kusikia, ‘Mpo, na mtakuwapo.’ Kodi ikipanda kwa sababu mtaa umekuwa mzuri, akalazimika kuhamia mbali, chombo kile cha chuma kitabaki kikimkumbuka mumewe mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kukaa. Hofu hiyo ya kodi ilisikika Hörde hata kabla ya maji kujaa.

Kwa hiyo, kama waliokaa katika moshi wana haki, haki hiyo ni ya namna gani? Fedha haziwezi kugawanywa, maana wengi wamekufa, wengine walihama, na hapana daftari ya waliokohoa. Kuwapa hati za viwanja ni jambo la kuchekesha. Haki iliyobaki, ambayo ndiyo yenye uzito, ni haki ya kubaki. Mtu aliyeuvumilia mji katika ubaya wake asitolewe na uzuri wake. Haki hii haihitaji orodha ya majina. Yatosha kuwapo nyumba za kutosha zenye kodi inayowezekana, karibu na maji, zisizoweza kugeuzwa kuwa bidhaa pindi soko likichangamka. Mrithi wake ni yeyote anayeishi katika mtaa ule, hata kama babu yake alifika kutoka Anatolia akiwa na sanduku moja. Na haimnyimi mgeni kitu, kwa kuwa kubaki kwa mmoja hakuzuii kuja kwa mwingine mpaka pale nafasi yote ilipouzwa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kubaki kuwe jambo kubwa hivyo. Watu huhama kila siku, na wale wa kwanza wa Hörde wenyewe walihama kutoka kwingine. Kweli. Lakini waliohama kufuata kazi walichagua, au angalau walikwenda mahali palipowaita. Anayetolewa na kodi haitwi na mahali popote. Tena kuna uchungu wa namna yake katika kungojea. Mtu aliyekaa miaka arobaini akisubiri hewa isafike, akaondolewa mwaka ule ilipokwisha kusafika, hakupoteza nyumba tu. Amepoteza maana ya kungojea kwake.

Limebaki jambo moja, ambalo watu wa Dortmund hawapendi kulizungumza, labda kwa sababu halina dawa mkononi mwao. Moshi haukufa, ulihama. Kiwanda kilichofunguliwa Hörde kiliwashwa China, na zaidi ya nusu ya chuma cha pua cha ulimwengu sasa hufanywa katika nchi hiyo. Sehemu ya chuma hicho hurudi Ulaya ndani ya vitu vya kila namna. Mtu aketiye katika baraza yake mbele ya ziwa avuta hewa iliyosafika kwa kuwa yuko mwingine, asiyemjua, anayevuta ile nyingine. Hii haimfanyi kuwa mwovu. China haikulazimishwa kununua. Iliitaka mitambo ile kwa sababu zile zile alizokuwa nazo Piepenstock mwaka 1841, na wafanya kazi wake waliutaka mshahara kama walivyoutaka wale wa Hörde. Lakini hesabu ya haki iliyofungwa kwenye mpaka wa mtaa mmoja, hata ikitoka sawa, ni hesabu ya ukurasa mmoja katika daftari kubwa. Waliokaa katika moshi leo wako ukingoni mwa Yangtze, na dai lao ni lile lile, ila halijafika mezani.

Pale Hörde sehemu moja ya deni imelipwa, na ni haki kuitaja. Njia ya kulizunguka ziwa, zaidi ya kilometa 3, ni ya watu wote. Haina lango wala mlinzi. Siku za Jumapili hupita hapo mzee wa kiwanda kwa bakora yake, mama mwenye hijabu akisukuma kigari cha mtoto, na mwenye nyumba nyeupe akimtembeza mbwa wake, na kwa muda huo mteremko hauwatengi. Mwaka 2021 mto Emscher nao uliacha kupokea maji machafu mwendo wake wote, baada ya kazi ya miaka 30 hivi, na mto huo haukuuzwa kwa viwanja. Ziwa lenyewe lina taabu ya magugu ya maji, ambayo hukatwa kwa mashua maalumu. Lazima mji ulitunze mwaka baada ya mwaka, na gharama hiyo ni ya wote, wakiwamo wale wa nyumba za kupanga.

Kama siku moja matanuri ya Yangtze nayo yatazimwa, patabaki uwanja mkubwa karibu na maji, na patakuwa na ramani juu ya meza. Itakuwa kabla ya mistari kupigwa. Watakaokaa mezani watakuwa na habari za Hörde, wakitaka kuzisoma.